Mzinga wa Mwenyewe

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu dawa ipulizwe. Wako wasemao ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku aliyokuja tabibu. Jumanne hiyo mke wa mkulima wa matikiti alisimama katikati ya shamba lililochanua manjano matupu, akabaini kwamba hasikii kitu. Maua yalikuwa wazi kama midomo ya makinda, wala hapakuwa na mdudu wa kuyajia.

Sababu aliijua, kwa maana siku ya kupuliza bomba la dawa lilikuwa mgongoni mwake yeye. Mumewe aliumwa kiuno, nalo bomba lilikuwa la kuazima, likitakiwa kabla ya adhuhuri.

"Kibandiko kinasema tupulize jioni, nyuki wakishalala," alikuwa amemwambia.

Mumewe akacheka. "Kwani nyuki wanajua kusoma? Wewe piga dawa, mke wangu."

Kesho yake baada ya dawa, jirani yao, mfuga nyuki, alizoa maiti kwa koleo kutoka mizinga thelathini. Mwisho alifika kwenye mti wa mpakani, ulipotundikwa mzinga wa mwenyewe. Huo hakuurina yeye, wala baba yake, wala babu yake. Katika ukoo wao iliaminika kwamba kila msitu una mwenyewe, naye huachiwa nyumba moja isiyoguswa. Msitu ulikwisha zamani kwa mkaa na mashamba. Mzinga ule ndio uliobaki. Aliutikisa, ukalia kama debe la mbegu kavu.

"Shemeji," alimwambia yule mwanamke kwa sauti ya chini, "mmemtoa mtu nyumbani kwake."

Tikiti halishiki bila nyuki. Basi Jumanne hiyo mwanamke alianza kuchuma maua dume na kuyapangusa ndani ya maua jike, moja baada ya jingine, kwani ua jike hufunguka asubuhi moja tu, likikosa, limekosa. Alipoinamia la kwanza alisikia mvumo. Akainuka kwa furaha, akitafuta nyuki huku na huku. Mvumo ulikuwa kifuani mwake.

Jumatano nyumba ilinuka nta iliyoungua na asali iliyochacha, na chini yake, kwa mbali, ile harufu ya dawa. Ukuta wa chumbani ulikuwa vuguvugu. Mume alimkuta mkewe shambani, mikono ya manjano hadi viwikoni.

"Njoo ule."

"Bado mengi."

"Basi hata maji, mke wangu."

"Bado mengi," akasema, na meno yake yakagongana kwa ule mvumo.

Alhamisi alikwenda ua hadi ua bila kunyoosha mgongo, macho hayapepesi, nywele zimejaa vumbi la manjano, na kila alipopita vitikiti vilishika na kuvimba kuliko mwaka wowote, na mumewe, ni lazima lisemwe, alisimama ukingoni mwa shamba mchana kutwa akivitazama, akijiambia kwamba mke ni wake na shamba ni lake, na kwamba kesho, ndiyo, kesho bila shaka, atakwenda kuita mtu.

Tabibu, mwanamke mzee mwenye kikohozi, alimshika mgonjwa mkono. "Nani aliyemo?"

"Mwenyewe," zilijibu sauti nyingi kwa pamoja.

"Wataka nini? Ubani?"

"Watu wangu. Walikuwa elfu arobaini. Huyu atafanya kazi yao mpaka warudi."

Mzee aliachia ule mkono. "Huyu hatoki kwa dawa yangu," alimnong'oneza mume. "Tafuta kundi la nyuki walio hai, ulitie mzingani. Upesi, baba. Mkeo anaisha."

Mume na mfuga nyuki walitafuta siku sita. Vichaka vilikuwa vimelimwa, miti ya mipakani imekuwa kuni.

"Nyuki?" mzee mmoja aliwashangaa. "Siku hizi nafuga kuku. Kuku akipotea, angalau najua nani kamla."

Siku ya sita walipata kundi dogo, la ukubwa wa ngumi, katika ufa wa ghala lililoachwa. Mume alilibeba ndani ya gunia, akiumwa na nyuki njia nzima, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Walipolitia mzingani jioni ile, mvumo ulitoka kifuani mwa mwanamke ukapanda mtini. Akaanguka, mwepesi kama ufagio, akasema, "Nina njaa." Mumewe akalia katika viganja vya mkewe vya manjano.

Asubuhi yake, saa mbili kasoro robo, mwenye shamba la ng'ambo ya mfereji alimfunga mkewe bomba mgongoni. Mkulima wa matikiti alikimbia mpaka ukingoni mwa mfereji.

"Ndugu yangu, nakusihi, ngoja jioni."

"Bomba la kuazima, bwana."

Upepo ulikuwa ukija upande huu, moja kwa moja kwenye mti wa mzinga.

Wasemao kwamba mke wa mkulima alikufa wamekosea. Yuko shambani, na mumewe humfuata nyuma na kikombe cha maji. Wasemao kwamba huvuma usiku wamekosea pia. Huvuma asubuhi, maua yakiwa wazi. Na wasemao kwamba yuko peke yake, hao hawajapita ng'ambo ya mfereji saa tatu na dakika kumi.