Kitufe Kilichofuta Majina

Kila Jumanne, wakishafagia darasa, Seini na Kitione walibaki katika chumba cha kompyuta cha shule yao katika mji wa kisiwani wa Neiafu. Walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikisha watoto waliochanjwa. Kitione aliingiza majina kutoka kwenye kadi za zahanati. Seini alipanga sura ya programu: aliburuta visanduku vya kuandikia, akavinyoosha mstari mmoja, kisha akaweka vitufe chini yake.

Jumanne moja kilibaki kitufe cha "Hifadhi" tu, na mazoezi ya netiboli yalikuwa yameshaanza. Seini akanakili kitufe cha "Futa Yote", akabadilisha rangi na maandishi, basi.

"Umekijaribu?" aliuliza Mwalimu Fonua, aliyewasimamia.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Seini, begi tayari begani. Hakuwa amekijaribu.

Kesho yake Nesi Kalolaine wa zahanati alikuja kuichukua programu. Aliandika jina la mtoto mchanga, akabonyeza "Hifadhi". Orodha nzima ikatoweka. Majina mia mbili na kumi, kazi ya wiki tatu!

"Mungu wangu!" alisema Nesi. "Kesho napanda boti kwenda visiwa vya nje. Nitajuaje nani amechanjwa na nani bado?"

"Ni Kitione huyo," alicheka Lopeti, mwanafunzi mwenzao. "Vidole vyenyewe kama viazi vikuu!"

Kitione aliinamisha kichwa. "Labda niliingiza majina vibaya, mwalimu. Nisameheni."

Seini alikikumbuka kitufe alichokinakili. Angenyamaza, nani angejua? Lakini alipoona macho ya Kitione yamejaa machozi, alishindwa kuvumilia.

"Si yeye, mwalimu. Ni mimi. Kitufe hicho nilikinakili kutoka kile cha kufuta. Nilibadilisha maandishi ya juu, amri ya ndani sikuigusa. Na jana nilikudanganya. Sikukijaribu."

Kitione aliinua kichwa ghafla. "Kwa hiyo orodha yangu haikuwa na kosa? Basi nakala ninayo kwenye flashi! Nilinyamaza kwa sababu nilidhani nayo ni mbovu."

"Sasa unangoja nini? Ilete, mwanangu!" alisema Nesi.

Seini alikitenganisha kitufe na amri ya kufuta, akakiunganisha na ya kuhifadhi. Safari hii alikijaribu mara tatu kwa majina ya kubuni. Kisha Kitione akarudisha orodha yake, na Nesi akabonyeza tena, jicho moja amelifumba.

Majina yakabaki, yote mia mbili na kumi, na la mtoto mchanga chini yake. Nesi alishusha pumzi ndefu, akamkumbatia Kitione mpaka akacheka.

"Nisamehe, Kitione," alisema Seini.

"Yameisha. Ila Lopeti aviombe radhi vidole vyangu."

Mwalimu Fonua alimgeukia Seini. "Jana ungesema 'bado', ungechelewa mazoezi kwa dakika tano tu. Uongo wako mdogo ulikaribia kumbebesha mwenzako lawama na kuharibu kazi ya zahanati nzima. Lakini leo umesema kweli mbele ya watu, na ukweli huo ndio uliotuonyesha pa kurekebisha. Kazi isiyojaribiwa, sema haijajaribiwa. Hakuna atakayekucheka."