Aliyezima Kifaa cha Mpenzi Wake

Walikutana katika duka la vifaa vya umeme lililofurika watu, wote wawili wameshika bunda moja la waya wa kulehemu, la mwisho. Fundi umeme aliinua macho akakuta binti wa gauni la bluu, miwani imemteleza puani, hana dalili ya kuachia.

"Kaka, mimi natengeneza ubongo," binti alisema. "Wewe je?"

Fundi alikuwa anatengeneza taa ya ngazini. Akaachia, na moyo wake ukaondoka na ule waya.

Binti hakuwa anatania. Alikuwa mtafiti, na kifaa chake, kidogo kuliko punje ya mchele, kiliiga pale seli moja ya neva inapoipasha nyingine habari. Ukikipitishia umeme mara kwa mara, njia inafunguka, ukikiacha, inafifia. Kila jioni fundi alikwenda maabara kumsikiliza akieleza, wala hakuchoka. Nyumba ngapi alizitia umeme, lakini hakuwahi kuona umeme ukifundishwa kukumbuka. Alimpenda binti yule kupita kiasi.

Ila mazoea yana taabu. Jioni moja, mtafiti akiwa ametangulia nje, fundi alifanya afanyalo kila anapotoka chumbani: alizima swichi zote. Kifaa kilikuwa katikati ya somo la wiki nzima.

Mtafiti hakumtukana, alimwomba tu aondoke. Fundi akaona aibu hata kupiga simu, na mtafiti akauchukulia ukimya ule kuwa mtu hajali. Siku zikapita, wote wanaumia. Mwishowe mtafiti akapiga.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi."

"Shuka. Sijakiwasha tangu siku ile, naogopa. Nataka uwepo."

"Na kama kimesahau?"

"Nitalia, utanibembeleza."

Fundi alifika na ovaroli, vumbi hadi kwenye kope. Mtafiti akawasha. Mstari kwenye skrini ukalala chini. Kifaa kilikuwa kimesahau. Akaanza somo upya. Mara mstari ukapanda, na somo la wiki nzima likarudi kabla chai yao haijapoa.

"Kumbe kilibakiza kitu ndani," alinong'ona. "Usingezima, nisingejua."

Fundi hakuwa anatazama skrini. "Nataka kukuoa," alisema.

"Kwanza, ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Siku nyingine, mpenzi, aibu yako ione ukiwa hapa, mbele yangu." Akamfuta vumbi usoni. "Haya, kaoge. Huwezi kwenda kwa baba hivyo."