Jina la Aslak

Maziwa yalianza kumchuruzika Ravna, na mtoto alikuwa amelala fofofo. Anayenyonyesha anajua kwamba maziwa hutoka yenyewe akisikia kilio, lakini Ravna hakuwa amesikia kilio chochote. Alikuwa kwenye meza ndogo ya gari-nyumba lao, anamenya viazi vya kula na samaki, na mara shati likaloa kifuani. Akamtazama mwanawe kitandani nyuma. Alikuwa anapumua vizuri, ngumi shavuni.

Walikuwa wameegesha kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja, mwisho wa barabara ya changarawe, kaskazini kabisa ambako kiangazi jua halitui. Mahali pale alipachagua mumewe, Torgeir, kwa sababu ya mandhari. Torgeir ni mtu wa kusini, na watu wa kusini wakiona ufuo mtupu hudhani wameokota dhahabu. Hawajiulizi kwa nini hakuna aliyewahi kujenga hapo. Ravna, Msami, mmoja wa wenyeji wa asili wa pwani ile ile, alijiuliza, lakini alishachoka kuchekwa, akanyamaza. Likizo yenyewe ilikuwa ya kwenda polepole, kuvua na kulala popote, mpaka Jumapili wafike kwa mama yake, Biret, mtoto abatizwe. Jina lilikuwa tayari ila halikutamkwa mbele ya mtu, maana kwao mtoto hatajwi jina kabla maji hayajamgusa. Angeitwa Aslak, kama babake Ravna, ambaye bahari ilimchukua na maiti yake haikuonekana. Biret hakuwa na kaburi la kulilia. Alichobaki nacho ni kungoja siku jina lile litakapoitwa tena nyumbani kwake.

"Mama," alisema Elle, binti yao aliyeanza shule mwaka jana, "mdogo wangu analia huko nje."

"Mdogo wako yupo hapa, amelala."

"Najua. Lakini analia huko nje."

Ndipo wote wakasikia. Kilitoka kwenye mwani, kilio chembamba cha mtoto aliyezaliwa jana. Torgeir alicheka, akasema ni mbweha, akamtania mkewe kwamba amezaliwa huku na bado anaogopa mbweha. Akachukua fimbo ya kuvulia, akatoka. Aliporudi hakuwa na utani. Alisema hakuna kitu, ni harufu tu ya maziwa yaliyochacha, kisha akafunga mlango kwa ufunguo, yeye ambaye hajawahi kufunga mlango likizoni.

Kilio kikahamia chini ya sakafu.

Hawakushauriana. Torgeir alitia gari moto, viazi vikamwagika, wakaondoka kwa kasi kando ya maji meusi, na kilio kikaenda nao, hakikubaki nyuma wala hakikutangulia, kilikuwa pale pale chini ya kiti cha Ravna, kwenye kona kipo, mlimani kipo, na ile harufu ikapanda kupitia mikeka mpaka Elle akaziba pua kwa soksi yake, na hapo mtoto mchanga akaamka, akakunja uso, akafungua kinywa alie, na sauti yake haikutoka kinywani mwake, ikatoka chini.

Ravna alimwekea titi kinywani, naye hakulishika. Midomo ilikuwa ya baridi.

"Simamisha gari," alinong'ona.

"Nisimamishe huku?"

"Torgeir, anachukuliwa sauti. Simamisha."

Gari liliposimama Ravna akampigia mama yake, simu ikiwa kwenye spika. Biret alisikiliza kidogo tu, kwa sababu kilio kilimfikia hata kwenye simu, naye akashusha sauti. Alisema huyo ni aliyetupwa, kitoto kilichozaliwa kwa siri zamani na kuachwa ufuoni bila jina, na sasa kimesikia pana mwenzake asiye na jina. Ravna akauliza kama ambatize mwanawe hapo hapo.

"Hapana. Ukimbatiza wako, yule atabaki na alichochukua. Mpe yule jina kwanza, mwanangu, arudishe. Fanya upesi, kabla hajachukua na pumzi."

Torgeir, uso umemsawajika, akamwaga maji ya birika dirishani na kusema anambatiza yule aliyetupwa jina la Per. Kilio kikavimba mpaka vikombe vikagongana kabatini.

"Si jina la kuokota," alisema Biret. "La ukoo wetu. Na akishapewa ni lake. Msilitaje tena, maana ukimwita anakuja."

Ravna akayapitia majina ya ukoo moja moja moyoni, na kila moja lilikuwa na binamu, shangazi au mjomba aliye hai anayelibeba, na kumpa kiumbe kile jina la mtu hai ni kumpa mtu mwenyewe. Lililobaki bila mwenyewe lilikuwa moja. Alishindwa kulisema. Kwenye simu alimsikia mama yake akivuta kiti na kukaa, na Ravna akajua kwamba mama amefika pale pale alipofika yeye.

"Nilikuwa nalingoja," alisema Biret. "Mpe. Mpe la baba yako."

Ravna alifungua mlango, akapiga magoti kwenye ngazi, akamimina maji juu ya changarawe. Akasema, "Aslak, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kukawa kimya hata mawimbi yakasikika. Kisha mwanawe akalia nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe, na Ravna akalia naye kwa furaha na kwa uchungu.

Jumapili mchungaji alimbatiza mtoto Jon, jina la upande wa Torgeir. Biret aliimba nyimbo zote bila kukosea, lakini kwenye kahawa hakumpakata mjukuu. Alikaa dirishani akitazama bahari, na Ravna alimwonea huruma kuliko siku walipoambiwa babake hatafutwi tena.

Walipokuwa njiani kurudi kusini, Torgeir alikuwa ameshapata maelezo ya kila kitu: mbweha, uchovu, mafua ya mtoto. Alisema wamemvunja moyo mama mzima kwa ajili ya mnyama wa porini. Ravna alimwomba aache. Hakuacha.

"Mtoto mwiteni mnavyotaka," alisema, akigonga usukani. "Kwangu mimi atabaki Aslak."

Gari likadidimia nyuma, kama linavyodidimia mtu akipanda ngazi. Ravna alikuwa amemkumbatia Jon, akatazama kwenye kioo. Kule nyuma Elle alisogea dirishani bila kuambiwa, akavuta mkanda wa kiti kitupu kilichokuwa pembeni yake, akaufunga. Mkanda haukulala kwenye kiti. Ulibaki umeinuka, umekaza.

"Mama," alisema Elle kwa upole, "ana baridi. Anataka blanketi la Jon."