Kidole cha Saa Mbili Asubuhi

Nesi alikuwa ameweka mkono kifuani kwa mama, anahesabu pumzi huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani.

"Thelathini na nne," akasema. "Kwa dakika moja."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa nikijua ni msimamizi wangu wa kazi, anauliza nimetorokea wapi.

Hakuwa yeye. Ilikuwa ile app...

MAMA: Mapigo 74. Pumzi 15. Hali nzuri.

Jamani, soma tena. Mama yangu yuko mbele yangu, barakoa ya oksijeni usoni, midomo imekuwa ya kijivu. Na simu inaniambia amepimwa dakika hii hii na yuko salama!

Nikamwonyesha nesi. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Dada, hiki ni kidole cha mtu mwingine."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende sawa.

Mimi nakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Kwetu nilikuwa sijakanyaga miaka miwili. Nilipomkimbia mume aliyenigeuza ngoma, nilikwenda kwa wazazi na mfuko mmoja tu. Baba akasimama mlangoni. Akasema nyumba yake si maficho ya wake za watu, nirudi kwa mume wangu.

Na mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia sitakanyaga pale hata siku akifa. Nilimwambia hivyo baba yangu mzazi, majirani wakisikia, nikageuka nikaondoka.

Mama akawa anakuja chumbani kwangu kila Jumapili. Miezi ya karibuni nikaona ngazi zinamshinda. Anakaa katikati, anahema, anasingizia kufunga viatu. Viatu vyenyewe ndala.

Nikimwambia twende hospitali, anasema wiki ijayo. Wiki ijayo ya mama haikuwa na tarehe.

Ndipo mwenzangu kazini akanionyesha hiyo app. Unaweka kidole juu ya kamera nusu dakika, inasoma mapigo ya moyo. Kisha unalala chali, unaweka simu kifuani dakika moja, inahesabu pumzi kwa jinsi kifua kinavyopanda na kushuka. Ikimaliza inatetemeka, inatuma majibu yenyewe.

Nikaiweka kwenye simu ya mama. Nikaipanga ifunguke yenyewe kila siku saa mbili asubuhi, asihangaike kubonyeza. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kwanza namba zikaja nyekundu. Mapigo 112, pumzi 29. Nikampigia hapo hapo. Akacheka, akasema ametoka kubeba ndoo ya maji, nisimtie wasiwasi, kesho atapima akiwa ametulia.

Kesho yake, 75 na 15. Kijani. Keshokutwa kijani. Siku ishirini na moja, kijani tupu.

Kila saa mbili, wakati wa chai, nilikuwa nafungua kabati langu, nasoma namba, namjibu. "Asante mama, usisahau kula." "Nakupenda mama." Maneno ambayo uso kwa uso ningeona haya kuyasema. Jumapili tatu hakuja, akadai magoti. Sikushtuka. Si nilikuwa na namba?

Asubuhi ile alianguka dukani, alikokwenda kununua mkate. Wasamaria wema wakamfikisha hospitali, wakakuta namba yangu kwenye karatasi ndani ya pochi yake. Simu aliiacha nyumbani.

Daktari alinieleza taratibu, na mimi nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Moyo umechoka kusukuma, mapafu yamejaa maji. Angeletwa wiki tatu nyuma, alisema, tungekuwa tunazungumza mengine.

Wiki tatu! Zile zile za kijani.

Kichwani nilikuwa nimeshamhukumu mtu. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayeishi nao. Nikaona kabisa anavyokuwa na haraka ya kwenda kazini, anaweka kidole chake mwenyewe, yaishe. Nilishaanza kupanga matusi.

Mama akafumbua macho. Akanishika mkono.

"Nenda kamwambie baba yako," akasema ndani ya ile barakoa. "Asisikie kwa watu."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumuuliza nani amekufanyia hivi. Lakini pumzi ya kunijibu angeitoa wapi? Nesi akaniambia wana kazi naye ya saa nzima, hata nikibaki nitakaa koridoni. Nikaenda.

Mlango wa kwetu ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa kitandani, simu ya mama mkononi, ameielekeza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti bandia. Mama aliwahi kuniambia macho ya baba yameingia ukungu. Nilisema "pole" kama unavyomwambia mpita njia aliyejikwaa.

Akasikia hatua zangu.

"Mke wa mwanangu, ni wewe? Njoo unisomee. Mama yenu kaenda kununua mkate mpaka saa hizi. Binti yangu amejibu nini leo?"

Nikasimama pale pale.

"Binti yako... anakuandikia?"

"Kila siku! Hujaambiwa? Ananipima moyo akiwa huko huko kazini kwake. Naweka kidole hapa, nalala, naiweka kifuani. Ikitetemeka, basi, imemfikia." Akaipapasa simu. "Mimi nilijua kanifuta. Kumbe mtoto alikuwa anauwaza moyo wangu. Mama yake ndiye ananisomea. Jana kaandika, asante baba, nakupenda."

Akaishusha simu mapajani.

"Na mimi ndiye niliyemfukuza."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa majibu. Ukiniudhi saa nne, saa nne na dakika moja nimeshakujibu. Lakini matusi yote niliyoyapanga njiani hayakuwa na mwenyewe.

Mama aliziona zile namba nyekundu za siku ya kwanza. Alizielewa. Siku ya pili akampa baba simu, akamwambia binti yako anataka kujua moyo wako. Akachukua kila neno langu, akatoa "mama", akaweka "baba".

"Basi soma," baba akasema. "Mbona kimya?"

Nikaichukua simu. Hakukuwa na jibu lolote, maana wa kujibu nilikuwa mimi, na saa mbili ile nilikuwa nimesimama wodini.

"Anasema asante baba," nikasoma kwenye kioo kitupu. "Anasema anakuja nyumbani."

Akatabasamu. Nikakaa kando yake.

"Baba, ni mimi."

Mkono wake ukapapasa hewa, ukafika begani kwangu, ukabaki hapo. Ikabidi nimwambie na yale mengine, mama yuko wapi na yuko vipi. Furaha yake haikumaliza hata dakika mbili, na aliyemnyang'anya ni mimi.

Tulikuwa njiani, amenishika bega, simu yangu ikaita. Nesi akaniambia mama ametutoka. Baba hakuuliza, aliusikia mwili wangu.

Sasa nimehamia nyumbani. Wifi ndiye aliyenitandikia kitanda, na sijamwambia nilivyomwazia siku ile.

Kuna siku namkasirikia mama. Mama, si mngepima wote wawili? Simu moja ingewatosha! Halafu nakumbuka ni nani aliyeapa kutokanyaga mlango ule, na ni nani angemwona anavyohema kila asubuhi kama angekuwepo. Hapo hasira inanirudia mwenyewe.

Wewe unayesoma hapa, una mzazi unayempenda kwa simu. App itakuambia moyo unadunda mara ngapi. Haitakuambia ni wa nani. Nenda. Kaa karibu yake, mwangalie kifua kinavyopanda na kushuka.

Saa mbili leo asubuhi baba aliweka kidole, akalala, simu ikatetemeka. Mapigo 78, pumzi 16. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, lakini hataki tuache.

Kisha akaniomba kitu anachoniomba karibu kila siku.

"Nisomee zile za zamani. Zile ulizokuwa unaniandikia."

Sijamwambia. Sitamwambia.

Nikafungua ya siku ya kwanza, nikaanza kusoma polepole ili ulimi usiteleze. Kila palipoandikwa mama, nikasoma baba.