Majani Yaliyoanguka Mwezi wa Mvua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emérita alikuwa na kazi tatu. Alizoa mavi ya ng'ombe zizini, akaosha vibuyu vya maziwa, kisha akafagia chini ya mti uliokuwa mbele ya nyumba yao. Kazi ya tatu ilikuwa nyepesi. Lakini mwezi wa Novemba, mwaka 1955, kazi hiyo ilianza kumchukua muda mrefu kuliko zile mbili za kwanza.

Ulikuwa mwezi wa mvua. Katika vilima vilivyo juu ya Karuba kila kitu kilikuwa kibichi: nyasi, maharage, hata nguzo za ua zilikuwa zimechipua. Mti huo peke yake ulikuwa ukipukutika. Majani yake yalianguka moja moja katika ukungu wa asubuhi, pasipo upepo, yakigusa ardhi kwa sauti ndogo kama ya mtu anayetembea bila viatu. Mara nyingi Emérita aligeuka kutazama. Hakukuwa na mtu.

Mti ulikuwa wa bibi yake, Kanyange. Waliuita muvumu. Ni mti wa jamii ya mkuyu. Ukichomeka kijiti chake kibichi ardhini, huota mizizi. Familia ilipohamia Masisi mwaka 1939, Kanyange alichomeka kijiti kimoja hata kabla nyumba haijaezekwa. Alikizungushia miiba ili mbuzi wasikile, akakimwagilia viangazi viwili. Baada ya miaka kumi na sita, kivuli chake kiliwatosha ng'ombe wanane, na mtu mzima hakuweza kulikumbatia shina lake.

Asubuhi moja Kanyange alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mti, akisuka kikapu. Tone jeupe, zito kama maziwa, lilidondoka kutoka juu likatua kwenye kidole chake. Alilitazama, akalifuta polepole.

"Mutoto, acha ufagio," alisema. "Sikiliza."

Emérita alisimama. Kutoka ndani ya shina ilisikika sauti: ko, ko, ko. Ikanyamaza. Halafu tena: ko, ko.

"Unasikia?"

"Ndiyo, Nyogokuru," aliitika. Ndivyo alivyomwita bibi yake.

"Ananibishia mlango."

"Nani?"

"Babu yako. Kule tulitoka, alikuwa na muvumu wake. Mwaka moja ulikauka katikati ya mvua, kama huu. Mbele ya Noeli tulimuzika." Alirudi kwenye kikapu chake. "Sasa njo zamu yangu."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Tangu siku hiyo Kanyange alianza kujiandaa. Alimpa mkwewe Vénantie, mama yake Emérita, kibuyu chake cha kusukia maziwa. Alimwita padri akaungama. Alituma habari kwa dada yake aliyekaa Rubaya. Kisha akaacha kula, isipokuwa maziwa kidogo asubuhi. Muuguzi wa zahanati alikuja, akampima, akasema hana homa wala kikohozi, na kwamba hakuona ugonjwa wowote. Hata hivyo, baada ya wiki mbili mikono ya Kanyange ilitetemeka hata asiweze kushika sindano ya kusukia. Baada ya wiki tatu hakuinuka kitandani. Alilala akielekea mlango ulio wazi, akihesabu matawi yaliyobaki na majani.

Shuleni, habari zilikwisha kufika.

"Kwenu kuko mti wa roho," alisema Mukandori, aliyekaa naye dawati moja. "Mama amesema tusipite tena pale."

"Ni mti tu."

"Kama ni mti tu, sababu gani unaogopa? Tazama, mikono yako inatetemeka kama ya nyanya yako." Wasichana wengine wakacheka. "Ao na wewe unangojea zamu?"

Emérita aliinamia daftari lake. Aliogopa kweli, lakini si kwa sababu waliyoifikiri. Katika kijiji kizima, yeye peke yake alijua kwa nini mti unakauka.

Mwezi wa Juni, wakati wakubwa wote walikuwa shambani wakivuna mtama tangu asubuhi mpaka jioni, baba yake alimpa kazi ya kulisha ndama bondeni. Alikuwa amemkataza jambo moja: kumfunga mnyama yeyote kwenye muvumu. Bonde lilikuwa mbali, na ndama alikuwa msumbufu. Siku ya tatu Emérita alimfunga kwenye muvumu kwa kamba, akamkatia nyasi za karibu, akaenda kucheza. Ndama alitafuna kamba. Basi Emérita akatafuta kipande kirefu cha waya alichokuwa amekiokota kando ya barabara ya Sake, akakizungusha kwenye shina chini kabisa, akakikaza kwa kijiti, na kumfunga ndama kwenye ncha yake. Kila siku ndama alizunguka mti akivuta, na waya ukazunguka naye. Ukakata ganda la mti kidogo kidogo, kama msumeno.

Kila jioni baba yake aliuliza, "Ndama amekula wapi?"

Kila jioni alijibu, "Bondeni, Papa."

Mwezi wa Agosti alijaribu kuutoa waya. Ulikuwa umezama, fundo halikufunguka. Akachukua kuni na kuzipanga kulizunguka shina, mpaka waya haukuonekana. Mama yake alimsifu kwa bidii hiyo.

Sasa alikuwa akilala akiwa na sauti ile masikioni. Ko, ko, ko. Alijua habari ya waya, lakini waya haubishi. Je, kama kulikuwa na mtu mle ndani kweli? Je, kama yeye ndiye aliyemfungulia njia? Lakini mambo mawili hayakuwa na shaka: mti ulikatwa na waya, na bibi yake alikuwa akifa kwa sababu ya mti. Siku moja alipomkuta Kanyange hawezi hata kumeza maziwa, alitoka nje akamwendea baba yake zizini.

Karangwa alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akaendelea kukamua.

"Unampenda nyanya yako," alisema. "Njo maana umetunga habari hii, ili ainuke."

"Sikutunga, Papa. Ndama hakufika bondeni hata siku moja."

"Siku zote ulisema amefika."

"Nilidanganya."

"Basi niambie. Nikuamini siku gani? Zile ao leo?"

Emérita alikwenda kwa bibi yake, akamweleza yote. Kanyange alimgusa shavu. "Uongo wa upendo," alinong'ona, akafumba macho.

Ndipo msichana alipoelewa kwamba maneno yake hayakuwa na uzito tena. Alitoka, akaanza kuondoa kuni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya matawi. Majani yalimwangukia mabegani. Alipotoa kuni za mwisho, sauti ilisikika mbele ya uso wake, wazi kabisa: ko, ko, ko. Vinyweleo vilimsimama. Hakukimbia. Aliingiza vidole ndani ya ufa uliokatwa na waya, katika utomvu uliojaa mchwa, mpaka akagusa chuma baridi.

"Papa," aliita. "Njoo uone."

Karangwa alikuja na ndoo yake. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Juu ya waya ganda lilikuwa limevimba kama mguu mgonjwa. Chini yake lilikuwa limesinyaa. Aliweka ndoo chini, akaenda kumwita Théogène.

Théogène alikuwa moniteri wa kilimo, mtu wa serikali aliyewafundisha wakulima, na siku hiyo alikuwa akikagua mitaro kwenye kilima cha jirani. Alikuja na baiskeli yake, kisu na koleo. Aliukata waya, akauvuta nje. Kisha akatega sikio kwenye shina, akachimba mahali palipobisha. Kutoka ndani ya mti alitoa funza mweupe, mnene kama kidole cha mtoto, mwenye kichwa cheusi na kigumu.

"Huyu njo anabisha," alisema. "Anatafuna mbao. Huja kwenye mti wenye kuumwa, na hizi kuni kavu mulipanga hapa zimemukaribisha vizuri."

Karangwa alimbeba mama yake mpaka nje. Kanyange aliingiza kidole katika ufa na kukizungusha pande zote. Halafu Théogène akamwekea funza kiganjani. Mwanamke mzee alimtazama akijikunja.

"Kumbe nimegawa kibuyu changu kwa sababu ya funza," alisema.

Vénantie alicheka kwanza, kisha akalia. Jioni hiyo Kanyange alikunywa uji bakuli zima.

Moniteri hakuahidi muujiza. Alieleza kwamba chakula cha mti hushuka kupitia ganda. Ganda likikatwa duara zima, mizizi hufa njaa, na baadaye mti wote. Lakini muvumu huota mizizi popote unapoguswa na udongo wenye maji. Aliwaonyesha jinsi ya kusafisha kidonda, kukata matawi yaliyokufa na kurundika udongo uliochanganywa na mbolea kulizunguka shina, mpaka juu ya ufa. Udongo huo haukupaswa kukauka hata siku moja.

Kazi ya kuutia maji ilikuwa ya Emérita. Mvua zilipokatika mwezi wa Januari, alipanda kutoka kijitoni mara nne kila siku na mtungi kichwani. Karangwa hakuwa akimuuliza tena kama amemaliza. Alikwenda kuugusa udongo kwa mkono wake. Ilimuuma Emérita kuliko fimbo. Ilichukua wiki sita mpaka baba yake aanze tena kumuuliza, na kulikubali jibu lake.

Mwezi wa Machi Théogène alifukua udongo kidogo. Juu ya ufa ilikuwa imetoka mizizi myeupe, ikishuka chini. Mwezi wa Juni upande mmoja wa mti ulikuwa umefunikwa na majani mapya. Upande wa pili haukupona. Ulikatwa, na jua la adhuhuri likaingia mpaka mlangoni.

Kanyange alimwita mjukuu wake waketi pamoja kwenye kivuli kilichobaki. Kilikuwa chembamba, ilibidi wabanane.

"Hesabu pamoja na mimi," alisema. "Ungesema siku ya kwanza, tungekuwa na mti muzima. Umesema kisha miezi kupita, tuko na nusu. Ungengojea tena kidogo, ungeniambia nikiwa ndani ya kaburi. Ukweli ni ule ule, mutoto wangu. Ila kila siku unaufunika, kile unaweza kuokoa kinapungua."

Emérita alitazama mahali ambapo jua liliingia. Kisha akachukua mtungi wake, akashuka kijitoni.