Malimau Chini ya Gari la Kukodi

"Wewe bwana! Gari limeshashiba, mwenyewe bado unakoroma!"

Niranjan aligutuka. Nje ya kioo, kwenye maegesho ya chini ya jumba la maduka huko Whitefield, kitongoji cha jiji la Bengaluru nchini India, alisimama binti mwenye sari ya rangi ya haradali, asumini kwenye msuko, raba miguuni. Nyuma yake magari ya umeme yaliyokuwa yakisubiri chaji yalipiga honi utadhani harusi inapita.

"Samahani, dada."

"Dada yako yuko kwenu. Chomoa waya."

Jina lake Vaidehi, mwalimu wa fizikia. Kabla waya haujachomolewa, Niranjan alikuwa ameshanasa.

Wakaizunguka Bengaluru yote kwa gari lile: jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi, likitambaa kimya kama paka anayenyatia samaki. Vaidehi aliliita "mke mwenzangu". Niranjan alicheka, akaongeza sauti ya redio.

Gari halikuwa lake. Kampuni ndiyo iliyomkodishia, ikimkata mshahara kila mwezi, na aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alitozwa faini. Kazi yenyewe ilikwisha kumtoka moyoni. Alitaka kufungua karakana ya betri na rafiki yake. Kulirudisha mapema kungekomba akiba yote ya harusi aliyojiwekea ili amwoe Vaidehi. Kubaki kungemkomba yeye. Na Vaidehi hajui lolote.

Asubuhi aliapa kulirudisha. Mchana akaghairi. Jioni akalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ikafika Ayudha Puja, siku ya kushukuru kwa kila chombo kinachokulisha. Mtaani kwa kina Vaidehi hata baiskeli zilivishwa maua. Baba yake, Mzee Gurudutt, alikwishaweka limau chini ya kila gurudumu la gari la Niranjan, ili likiyakanyaga nuksi iondoke na baraka ziingie, majirani wakichungulia.

"Haya, mkwe! Yapasue!"

Niranjan akashika usukani. Akauachia. Atamshukuruje Mungu kwa kitu ambacho huenda kesho akakirudisha, tena mbele ya mzee aliyeutangazia mtaa mzima kwamba mkwe kanunua?

"Hapana, Mzee. Nisamehe."

Akashuka, akainama, akayaokota malimau moja moja. Vaidehi akamfuata, machozi yakimlengalenga.

"Baraka za baba yangu umeziona uchafu?"

"Siyo hivyo, mpenzi..."

"Basi vipi? Sema!"

Niranjan akaingia garini, akaondoka.

Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Mwishowe akamtumia ujumbe wa sauti, akamwaga yote: mkataba, faini, karakana, woga. Kisha akaenda ofisini, akaketi mbele ya karatasi ya kuacha kazi na kuvunja mkataba wa gari, kalamu mkononi. Simu ikalia.

"Umesaini?" Ni Vaidehi.

"Bado. Nangoja uniambie..."

"Mimi? Ili karakana ikidoda useme nilikupokonya gari? Thubutu! Kama unalirudisha kwa ajili yangu, kaa nalo. Kama ni kwa ajili yako, saini ushuke. Niko getini na baba, jua linatubanika."

"Na baba! Anasemaje?"

"Kakununia. Si kwa sababu ya gari. Kwa kumwacha atambie majirani mali ya watu. Tena anauliza, asiye na mshahara atamlisha nini binti yake?"

"Mwambie nitapika mwenyewe."

"Kakusikia. Anasema sasa ndiyo ameingiwa na hofu."

Niranjan akacheka peke yake, akasaini, akaacha funguo mezani. Lifti hakuingoja.

Getini Mzee Gurudutt alimkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Umelirudisha?"

"Nimelirudisha, Mzee. Sina gari, sina kazi, na akiba ya harusi ndiyo hiyo imekwenda. Lakini namwomba binti yako."

Vaidehi alitazama barabarani, akijifanya hasikii, tabasamu likimponyoka.

"Huyu," mzee akasema, akimwonyesha Vaidehi kwa kidevu, "harudishwi mapema. Hata kwa faini."