Pua za Hema

Mtaani kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, mahali ambapo majirani kwao waliweka televisheni. Suruali iliyochanika ikipita mikononi mwake, mwenyewe alikuwa haoni tena palipochanika. Watu walitoka mitaa ya mbali kumletea nguo. Fundi hakuweza kuona tundu akaliacha.

Binti yao walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, isipokuwa kifua kikimbana. Alikuwa na pumu. Mwaka uliopita kikundi chake cha skauti wadogo kilikwenda kambi ya familia, yeye akabaki nyumbani. Fundi alimwambia kwamba kifua chake hakitaiweza baridi ya huko. Chiriku hakulia. Alikaa dirishani na skafu yake shingoni, amewapa mgongo, na Fundi hakuusahau mgongo ule.

Mwaka huu Fundi alikubali. Wangekwenda wote watatu, walale nje mwisho wa juma. Lakini alijiapiza kwamba baridi haitamgusa mtoto. Mumewe, ambaye alifanya kazi ya kuoka mikate, akaleta hema la mtumba. Fundi alilitandaza sakafuni, akalikagua kama anavyokagua nguo ya mteja. Juu, pande zote mbili, akakuta madirisha madogo ya wavu yasiyo na kifuniko.

"Ndiyo maana wameliuza," alisema. "Lina matundu."

"Mama, hayo ni ya hewa," alisema Chiriku. "Afande alitufundisha."

"Hema halina mapafu, mwanangu. Niletee mkasi."

Akakata kitambaa kizito, akayaziba madirisha yote, mshono juu ya mshono. Kazi ilikuwa safi kabisa. Mumewe alipitisha kidole akasema hapo hata mbu mwenye kibali hapiti.

Huyo Afande alikuwa kiongozi wa skauti wale, na jirani yao wa nyumba ya tatu. Kazi yake ilikuwa zimamoto. Aliwaagiza wazazi wote wajaribu mahema yao nyumbani kabla ya safari, ili mwenye kosa alione kosa lake akiwa bado karibu na kitanda chake. Basi familia ikasimamisha hema uani, ikalala humo.

Kulipokucha, mablanketi yalikuwa na unyevu. Kuta za hema zilikuwa zimelowa kwa ndani, na Chiriku alikuwa anakohoa. Alivuta dawa yake, kifua kikatulia. Alimtazama tu mama yake, kama mtu anayesubiri kuambiwa abaki nyumbani tena. Fundi aliyaona macho yale, moyo ukamuuma.

"Umande umepenya," alisema.

Akaamua mambo mawili palepale. Ataongeza kitambaa kingine juu ya kile. Na huko kambini atawasha jiko la mkaa ndani ya hema, likaushe unyevu na kumpa mtoto joto. Akamwomba mumewe alete lile jiko dogo waone kama litaenea.

Mumewe alikuwa anavuka ua na jiko mikononi wakati Afande alipopita akitoka zamu, buti zake bado miguuni. Akawasalimia, kisha akauliza jiko linakwenda wapi. Alipoambiwa, alilipokea taratibu, akaliweka chini mbali na hema.

"Shemeji, dada, hili lisiingie humu," alisema. "Hata likibaki makaa tu, lisiingie. Mkaa unatoa sumu isiyoonekana, tena haina harufu. Mtu anasinzia, anadhani ni joto linambembeleza. Nimewatoa watu kwenye vyumba vilivyofungwa, jiko ndani. Wengine hatukuwawahi."

Mume aliitazama mikono yake iliyokuwa imebeba jiko, akaipangusa kwenye suruali.

Afande akainama, akaingia hemani. Humo aliuona mshono. Aliufuata kwa kidole kutoka kona hadi kona.

"Nani kashona hivi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Fundi.

"Dada, sijapata kuona mkono kama huu. Kiwandani wenyewe hawashoni hivi." Fundi akaanza kutabasamu. "Na itabidi uufumue wote."

Tabasamu likakwama njiani. Fundi akauliza, sasa umande si ndio utazidi kuingia?

"Mshono wako haupitishi hata tone," Afande alisema. "Maji haya hayakutoka nje. Mmeyapumua ninyi wenyewe. Ukiinjika maji ya chai, kifuniko cha sufuria si kinalowa kwa ndani? Usiku kucha mlikuwa chini ya kifuniko. Hayo madirisha ndiyo pua za hema. Umeziba pua."

Hapo Chiriku angeweza kusema mengi, na haki alikuwa nayo. Lakini alitazama vidole vyake vya miguu tu. Fundi alimvuta kwake.

"Ulisema kweli, nami sikukusikiliza," alimwambia. "Hema lina mapafu."

Kisha akamgeukia Afande, akamuuliza habari ya baridi. Afande alimweleza bila haraka. Baridi inayosumbua zaidi kambini hutoka chini, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Cha kulalia lazima kiwe kinene na kikavu, maana bila hicho, hata ukijifunika mablanketi matatu, bado mgongo utaganda. Kabla ya kulala mtoto avue nguo zenye jasho la mchana, avae kavu, na soksi na kofia. Dawa yake ya kuvuta iwe karibu na kichwa chake, wala isizikwe ndani ya begi, na wakubwa wote wajue ilipo.

"Chini," Fundi alirudia. Mumewe aliyajua macho yale. Ndiyo macho yake anapoiona nguo kabla haijakatwa.

Alichukua wembe akaanza kufumua. Mshono mzuri haufumuki kirahisi, na siku hiyo Fundi aliulaumu ufundi wake mwenyewe. Alipomaliza, alivuta magunia mawili kutoka chini ya meza. Yalijaa mabaki ya vitambaa ambayo mumewe alikuwa anaomba yatupwe tangu walipooana. Akashona mfuko mrefu kwa kipande kikubwa kilichobaki cha kile kitambaa kizito alichozibia pua. Akaujaza mabaki, akapitisha uzi mara nyingi ili yasirundikane upande mmoja. Likawa godoro la kukunjwa na kufungwa kwa mkanda. Mumewe alilikalia, akalilalia, kisha akakataa kuamka.

Wakalala tena uani, madirisha yakiwa wazi. Asubuhi Fundi alipitisha kiganja ukutani. Pakavu.

Kambini walisimamisha hema kwa dakika chache, maana mikono ilishazoea. Jiko lilibaki nje, mbali na mahema. Chiriku alivaa soksi zake na kofia, akajilaza kwenye godoro, akaongea mpaka usingizi ukamkatiza katikati ya neno. Fundi akalala kando yake, sikio moja wazi kama kawaida yake.

Alipofumbua macho, jua lilishapiga hema na ndani hamkuwa na mtu. Alitoka mbio, bila viatu. Chiriku alikuwa uwanjani na wenzake, skafu shingoni, ameshika kamba ya bendera, na mdomo unakwenda. Karibu na birika la chai walisimama wazazi kadhaa wakilibonyezabonyeza godoro ambalo mumewe alikuwa analionyesha kwa fahari, kana kwamba amelishona yeye. Walitaka Fundi awafundishe.

Afande alimpa kikombe cha chai. "Mtoto alilalaje, dada? Alikohoa?"

Fundi alifungua mdomo amjibu. Kila asubuhi, miaka yote ya binti yule, alikuwa na jibu la swali hilo. Leo alilitafuta akalikosa.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa nimelala."